Mkonga haukutoi kwenye tope

Mwaka wa kwanza wa kumiliki gari langu mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kuendesha magari ya watu, nilikaa saa nne nzima kwenye tope la Ndutu, kusini mwa Serengeti, nikiwa na winchi mpya, ile mashine ya kulivuta gari kwa waya, inayong'aa mbele ya bampa. Winchi ile ilinigharimu milioni tatu na ushee. Waya wake una urefu wa mita 28. Mti wa karibu ulikuwa kama nusu kilomita kutoka pale nilipozama, na nilikuwa nimeshautazama mpaka nikauchoka.

Ilikuwa Machi, nyumbu wametapakaa na ndama wao, mvua imepiga usiku kucha. Njiani kulikuwa na dimbwi refu. Nikajifanya mjanja, nikalikwepa kwa kupita pembeni kwenye majani. Majani yenyewe mazuri, ya kijani, utadhani zulia. Hatua ishirini mbele gari likakaa kwa tumbo kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Nikakanyaga mafuta, matairi yakachimba. Nikakanyaga tena, maana ukiwa na watalii wanne nyuma wanakutazama kisogo, mguu unakosa akili.

Aliyenitoa ni mzee mmoja mwenye gari kuukuu la rangi ya vumbi, halina winchi, halina taa za juu, matairi membamba. Nikamwamkia, akaitika, akalizunguka gari langu mara moja. Winchi hata hakuiuliza. Aliuliza, "Upepo una ngapi?" Nikamwambia PSI arobaini na tano. Akaguna, akatoa njiti mbili za kiberiti mfukoni, moja akanipa. "Anza na lile, mwanangu, mimi naanza na hili." Tukapunguza upepo matairi yote manne mpaka kama kumi na nane, tukachimba tope lililokuwa limebeba difu, lile boksi la gia la katikati ya akseli, tukasafisha nyuma ya kila tairi, halafu gari likatoka kinyumenyume kwa kufuata alama zake lenyewe. Kuchimba kulichukua karibu saa nzima. Kutoka kulichukua sekunde.

Naandika haya kwa sababu kila masika yakikaribia napokea ujumbe uleule kutoka kwa vijana wanaonunua gari lao la kwanza la kazi: "Kaka, nina kiasi fulani, nifunge nini nisikwame?" Na kila mara orodha anayonitumia inaanza na vitu vya juu ya gari: taa, keria, bampa la chuma, winchi, mkonga. Mimi fedha yangu ya kwanza niliimwaga hukohuko, kwa hiyo simcheki mtu.

Kwanza, wewe hukwama wapi?

Kwa wasio wa Arusha: tunaposema mkonga tunamaanisha Land Cruiser za familia ya 70, zile zilizoanza kutoka kiwandani 1984, na jina limetokana na lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele. Ninaloendesha ni la injini ya 1HZ, lita 4.2, pistoni sita, dizeli ya kawaida isiyo na mambo mengi. Lakini ninayoyasema hapa yatamfaa hata mwenye Prado, Hilux au Defender, kwa sababu ardhi haisomi jina la gari.

Ardhi zenyewe hazifanani. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa ukanda wa magharibi wa Serengeti kuanzia Kirawira kwenda Ndabaka, au ule wa kuzunguka kinamasi cha Silale kule Tarangire, hunywa maji ukavimba. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika unageuka gundi. Unajaza nafasi zote za kashata za tairi, yaani yale meno yake, mpaka tairi linakuwa laini kama chungu, na baada ya hapo hata ungekuwa na nguvu za treni, unateleza tu. Adui hapa ni utelezi, halafu kuzama.

Mchanga wa korongo ni habari nyingine. Ukitoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero unavuka makorongo makavu kadhaa, na kuna sehemu vumbi la majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai ni laini kama unga wa dona. Pale hutelezi. Pale unazama, tena polepole, gari linapungua nguvu kama mtu anayetembea ndani ya maji. Anayekuponya kwenye mchanga ni tairi laini na mwendo usiokatika.

Kuna na magadi ya Ziwa Natron lenyewe. Kwa juu ni ganda jeupe, kavu, linalia chini ya kiatu kama biskuti. Chini yake ni uji. Kwa Natron sina kifaa cha kukushauri, na mtu akikuuzia kifaa cha kuendeshea juu ya magadi, mrudishie. Fuata alama za magari yaliyotangulia, uliza vijana wa Kimaasai wa palepale njia ya wiki hii ni ipi (ya wiki iliyopita haikusaidii), na usisogelee ukingo kwa sababu mgeni anataka picha ya heroe.

Sasa kaa chini uandike mara tatu za mwisho ulizokwama. Ilikuwa ni utelezi, ni kuzama, au ni tumbo la gari kukaa juu ya kitu? Majibu hayo ndiyo yanayochagua vifaa. Mtu anayefanya kazi ya Tarangire na Serengeti magharibi, na mtu anayekwenda Natron kila wiki, hawapaswi kutoka dukani na tairi la aina moja.

Na lile dimbwi langu la Ndutu? Ningepita katikati. Chini ya maji yale kulikuwa na njia iliyoshindiliwa na magari kwa miaka. Nilitoka kwenye sakafu nikaenda kukanyaga godoro. Siku hizi nikilikuta dimbwi nashuka, kama wanyama wanaruhusu na ni mahali panaporuhusiwa kushuka, nalipima kwa fimbo. Ndani ya Serengeti huko pembeni huruhusiwi hata kupita, kwa hiyo sheria na akili zimekubaliana.

Tairi

Hapa ndipo fedha ya kwanza iende, na sitakuwa mfupi.

Watu hushindana kwa upana. Ukweli ni kwamba tairi lile la asili la mkonga, 7.50R16, jembamba na refu, limefanya kazi porini miaka yote hii bila aibu. Kwenye tope jepesi lenye sakafu ngumu chini, tairi jembamba linakata mpaka linapata pa kushika. Tairi pana linaelea juu ya utelezi na kwenda linakotaka lenyewe. Kwenye mchanga ni kinyume: unataka eneo kubwa la kukanyagia. Lakini eneo hilo sehemu kubwa unalipata kwa urefu, siyo upana, na urefu unaupata kwa kupunguza upepo, jambo ambalo ni bure. Tutalifikia.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji hawaipendi. Tairi la 235/85R16 lina kimo cha milimita 806 hivi. La 265/75R16 lina 804. Yaani umenunua upana tu, gari halijanyanyuka hata kidogo. Ukipanda mpaka 285/75R16 unafika 834. Tofauti ni milimita 28, lakini difu lako liko usawa wa katikati ya tairi, kwa hiyo ulichopata chini ya difu ni nusu yake: milimita 14. Unene wa kidole. Kwa kidole hicho umeongeza uzito wa kila gurudumu, umefanya gia zote kuwa nyepesi kuliko zilivyopangwa, na pengine tairi linasugua ukikata kona. Mimi nilirudi kwenye 235/85 na sijutii.

Kashata je? Kama nusu ya maisha yako ni lami ya Arusha hadi Karatu na nusu ni pori, tairi la mchanganyiko linatosha miezi tisa ya mwaka. Kama kazi yako ni udongo mweusi wakati wa masika, chukua lile la matope lenye kashata kubwa zilizoachana, kwa sababu linaweza kutema tope likizunguka. Litapiga kelele kwenye lami, litaisha mapema, na kwenye lami iliyolowa linashika vibaya. Hayo ndiyo mabadilishano yake, hakuna la bure.

Kitu kimoja ambacho kimenitia hasara: umri wa tairi. Pembeni ya tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT. Ikiandikwa 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nilinunua seti ya mtumba yenye kashata nzima, zinameta, bei ya kirafiki. Sikusoma tarakimu. Raba ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma, na msimu haukuisha kabla mawili hayajapasuka ubavuni. Kashata nzima kwenye tairi la miaka kumi haina maana.

Upepo, na kile kinachokupa ujasiri wa kuupunguza

Kila dereva anajua kwamba upepo mdogo husaidia kwenye mchanga. Wengi hawafanyi. Nimejiuliza kwa nini, na jibu ni rahisi: hawana cha kurudishia. Mtu akijua mbele yake kuna kilomita sitini za mawe kabla ya kufika kwa fundi wa pancha, hawezi kuacha upepo utoke. Anajaribu kwa nguvu kwanza, na akianza kujaribu kwa nguvu, ameshakwama.

Ndiyo maana kwangu kompresa ndogo, yaani pampu ya upepo ya kufungwa kwenye betri, iko mbele ya winchi kwa mbali. Usichukue ile ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Kwa tairi la gari zito itachemka na kuunguza fyuzi kabla ya tairi la pili. Chukua yenye koleo za kubana betri moja kwa moja, washa injini inapofanya kazi, na ipumzishe kati ya tairi na tairi. Ongeza geji nzuri ya upepo, maana geji za kwenye kompresa nyingi husema zinachotaka.

Namba ninazotumia mimi, zote kwa PSI, kwa gari lililobeba watu sita na mizigo: lami, 40 mbele na 45 nyuma. Changarawe iliyojikunja kama bati, ile ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, nashuka hadi 32 au 34, na gari lote linashukuru, kuanzia shokapu mpaka kiuno changu. Mchanga wa korongo, 20. Nimezama, 18, na nikikata tamaa, 15. Tope la udongo mweusi sishuki sana, 25 hivi. Anza na hizo, urekebishe kwa uzito wako.

Tahadhari zake nazo si ndogo. Ukishapunguza, mwendo uwe mdogo na kona zisiwe za ghafla, la sivyo tairi lisilo na tyubu linaweza kuchomoka kwenye rimu. Lenye tyubu lina ugonjwa wake: tairi huteleza kidogo juu ya rimu, likaburuta tyubu, valvu ikang'oka. Kwa tyubu mimi sishuki chini ya 22. Na usipunguze kwenye mawe makali ya volkano wala kwenye miiba ya migunga, kwa sababu ubavu wa tairi unatanuka nje na ubavu ndiyo sehemu isiyozibika. Ukirudi barabarani, jaza kabla ya kukimbia. Tairi laini kwenye lami ya moto huchemka mpaka linachanika.

Punguza kilo kabla ya kuongeza chuma

Sehemu hii itaniletea maadui gereji.

Hardtop ndefu yenye matangi mawili inabeba lita 180 za dizeli. Hizo ni kama kilo 150. Weka bampa la chuma na winchi, keria ya chuma, tairi mbili za akiba, friji, betri ya pili, viti saba na watu wake, maji ya kunywa ya siku tano. Kila kimoja kina sababu. Kwa pamoja vinakuwa ndivyo vinavyokuzamisha. Halafu unanunua winchi kubwa zaidi ya kuvuta uzito ulioongezwa na winchi.

Mabaya zaidi ni kinachokaa juu. Tairi la akiba kwenye keria linalivuta gari upande kwenye mteremko wa utelezi. Siku hizi moja liko mlangoni nyuma, la pili nalibeba tu ninapokwenda mbali, nalo nalilaza chini, siyo juu.

Kuna jingine la kwetu Arusha: kukata chesisi na kurefusha gari ili wapate viti viwili zaidi. Naelewa hesabu ya biashara. Lakini jua unachouza. Gari likirefuka, tumbo linakaa mbali na magurudumu ya pande zote mbili, na tuta ambalo gari fupi linaruka, lako linakalia. Nimeona gari refu limening'inia juu ya ukingo wa korongo kama mizani, magurudumu yote manne yanagusa ardhi kwa adabu tu. Ukiwa nalo, usihangaike na vitu vya kuvutia kwanza. Tafuta bamba imara la kulinda tumbo, na ujifunze kuingia korongo kwa mshazari.

Difu loki

Ukinipa fedha ya kitu kimoja kikubwa baada ya matairi, nitafunga difu loki nyuma. Sababu ni hii. Difu la kawaida linagawa nguvu kwa usawa, na kwa hiyo gurudumu lenye utelezi ndilo linaloamua kiasi. Moja likielea hewani, lenzake lililo kwenye ardhi ngumu nalo linapata karibu na bure. Ndiyo maana unaweza kuwa kwenye foo-wili, umefunga hab za mbele (vile vifungo vya katikati ya magurudumu), umeingiza ile gia nzito, na bado gari linasimama huku tairi moja la mbele na moja la nyuma yanazunguka kama feni. Gari la magurudumu manne linasukumwa na mawili, tena yaliyo pabaya.

Loki inafunga mkono wa kulia na wa kushoto viwe kitu kimoja. Lenye mguu mzuri linasukuma. Baadhi ya mkonga huja nayo kutoka kiwandani, ya umeme, na wengine hawajui kwamba wanayo. Nimewahi kumwonyesha mtu swichi ambayo aliidhani ni ya taa. Kagua kabla ya kununua. Za kufunga baadaye zipo za upepo, kama ARB ya Australia, nazo zinahitaji kompresa, kwa hiyo unaweza kupiga ndege wawili: kompresa hiyohiyo ijaze matairi.

Itumie kabla hujakwama, siyo baada ya kuchimba mashimo manne. Iwashe ukiwa umesimama au unatambaa. Iondoe mara unapopata ardhi ngumu, kwa sababu kwenye lami magurudumu yanataka kwenda mwendo tofauti kwenye kona, na kitu kitakachokatika ni akseli yako. Loki ya mbele inaufanya usukani kuwa mzito na gari linakataa kona, ndiyo maana nasema nyuma kwanza. Na kwenye mteremko wa pembeni wenye utelezi, loki inaweza kuyafanya magurudumu yote yateleze pamoja, gari likashuka ubavu. Hapo usiiwashe.

Springi na kunyanyua gari

Kunyanyua kwa springi hakunyanyui difu. Difu limefungwa kwenye magurudumu. Kinachopanda ni bodi na chesisi, jambo ambalo ni zuri kwa tumbo na kwa pembe za kuingilia na kutokea korongoni, basi. Sentimita tano zinatosha. Zaidi ya hapo unaanza kuhangaika na shafti, mipira ya breki na gari linaloyumba.

Kosa kubwa zaidi ni springi ngumu kupita kiasi. Fundi anakuuliza unabeba nini, unajisifu, anakufungia springi za tani nzima, halafu siku nyingi unatembea mtupu. Springi ngumu haikunjiki. Gurudumu linabaki hewani pale ambapo lenye springi laini lingeshuka kutafuta ardhi, na ukikumbuka nilichosema kuhusu difu, gurudumu hewani ndiyo mwanzo wa matatizo. Pima gari lako kwenye mizani likiwa limebeba mzigo wa kawaida, umpelekee fundi namba.

Mkonga wenyewe

Mkonga haukuzuii kukwama. Unazuia injini isinywe maji, na kwenye vumbi la Lengai unavuta hewa ya juu ambayo ni safi kidogo kuliko ile ya chini. Hilo tu, na si dogo: injini ya dizeli ikivuta maji, konrodi zinapinda na safari imeisha. Hakikisha viungio vyake vimebanwa kweli mpaka kwenye chujio. Nimeona mikonga ya mapambo, bomba zuri nje, ndani mpira umeachia.

Lakini kuna kijibomba cha bei ya chakula cha mchana ambacho watu wanakisahau. Difu na gia boksi vina matundu ya kupumulia. Umeendesha saa mbili, difu limechemka, ghafla unaliingiza kwenye maji baridi ya mto. Hewa ya ndani inasinyaa, difu linavuta pumzi, na linachovuta ni maji. Baada ya wiki ukifungua nati, mafuta yanatoka kama chai ya maziwa. Vuta mipira kutoka kwenye matundu hayo mpaka juu, karibu na betri. Fundi anamaliza kabla ya chai ya saa nne.

Ukishakwama

Beleshi. Ndiyo, beleshi, lenye mpini mrefu wa kufika chini ya difu. Mbao mbili nene: moja ya kukalia jeki, maana jeki bila mbao kwenye tope inazama yenyewe kabla ya kunyanyua gari. Vile vibao vya plastiki vyenye meno vya kuweka mbele ya tairi vinafanya kazi vizuri, ilimradi umechimba kwanza na huzungushi tairi juu yake kwa kasi, kwani meno yatayeyuka. Jeki ndefu ya kupanda kwa meno ni msaada mkubwa na hatari kubwa. Mpini wake ukikuponyoka unavunja taya. Usiinamishe kichwa juu yake hata siku moja.

Mkanda wa kuvutia uwe ule wa nailoni unaonyumbuka, na sehemu ya kuufunga iwe ndoano iliyoshikwa na chesisi. Usifunge kwenye kile kichwa cha mpira cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Cheni ya kuvutana kwa kushtua nayo hapana. Tupa gunia la mchanga au koti zito katikati ya kamba, watu wasogee mbali, wageni wa kupiga video wasogee mbali zaidi.

Na winchi? Bado ninayo. Kwenye misitu na milima, penye mti imara, ni mkombozi. Chagua yenye nguvu angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakia, ukijua kwamba nguvu iliyoandikwa ni ile ya safu ya kwanza ya waya kwenye ngoma, ikiwa imebaki mizunguko michache. Ukivuta na waya mwingi bado umezungushwa, nguvu inapungua sana. Puli moja ya kurudisha waya inakaribia kuiongeza mara mbili. Weka mkanda mpana kwenye mti usiumie. Acha injini iungurume, kwa sababu winchi hunywa betri kama ngamia. Na kumbuka kwamba imefungwa mbele, wakati mara nyingi njia nzuri ya kutoka ni ile uliyoingilia.

Vijana hunitumia picha za magari ya Rhino Charge ya Kenya, yale yanayopanda maporomoko. Mashindano hayo yalianza 1989, na anayeshinda ni anayepita vituo vyote kwa umbali mfupi kabisa ndani ya saa 10. Magari yale yamejengwa kwa ajili ya siku moja tu, na watu wa ndani hawajalipia kuona chui. Yapendeni, msiyaige.

Kabla ya masika

Chagua jioni moja, tafuta uwanja wa rafiki uliolowa, likwamishe gari lako kwa makusudi. Nenda na mtu mwenye gari la kukuvuta. Halafu ujitoe kwa vitu ulivyobeba tu, bila kuomba hata kijiko.

Mimi nilifanya hivyo shambani kwa shemeji, nikiwa na vifaa vyote hivi ninavyowahubiria, navijua kimoja kimoja. Beleshi lilikuwa chini ya mizigo yote. Ilibidi nishushe friji ndipo nilipate. Nikapunguza upepo, nikachimba, nikatoka kwa raha zangu huku watoto wa shemeji wakishangilia. Ndipo nikachomeka kompresa ili nijaze, nikagundua kwamba mpira wake haufiki tairi la nyuma upande wa kulia. Umepungua kama mita moja.